Kofia juu ya Kontrole

Bunia, Bigo, tarehe 12 janvier 2025

Kwa muke wangu wa kwanza, Koko Pétronille, kule Niania,

Jambo mingi, koko. Kama unasoma hii barua, ni kusema Lionel dereva hakuifungia mikate ndani. Siye hapa tuko wazima. Mama anakusalimia, iko anauzisha unga yake ku soko na kugombana na magoti yake, sawa siku zote. Vumbi ya huu mwezi imetufanya wote rangi moja. Mu parcelle, hii kiwanja yetu, tuko sasa familia tatu, juu watu wa Djugu wanazidi kukimbia vita na kuja huku, na choo ni moja. Asubui mustari yake inashinda ya misa.

Unajiuliza juu ya nini barua na si simu. Weye mwenyewe unajua. Simu yako inakaaka mu mikono ya Shangazi Léontine, na ule akiona jina yangu anaweka sauti ya inje, kisha Niania yote inajua mambo ya suruali yangu. Mwaka jana, wakati docteur alinitoa ile yai moja ya kiume yenye ilikuwa na kanseri, nilikuwa ningali na pamba ku kidonda, na dereva wa kutoka kwenu ananiuliza mbele ya watu ku parking: «Nathanaël, ile moja yenye ilibakia, inaendelea?» Hapana. Barua haina sauti ya inje.

Sasa nikupe habari ya bwana yako, mi mujukuu mwenye nilipewa jina ya babu. Mi njo motari wa kwanza hapa Bunia, hakuna mwenye kubeba abiria sawa mi. Kama mutu anakuambia ingine, umuulize anaitwa nani na aje anione. Nyuma ya moto, pikipiki yangu, niliandika na rangi nyekundu: SANS KONTROLE, ni kusema haikaguliwake. Kwa sababu ni kweli. Polisi ya rulaji, wale wa barabara, wananijua kwa vumbi tu, uso yangu hawajaiona. Wakipanga kontrole ku njia kubwa, mi nakata nyuma ya kanisa, napita mu parcelle ya mutu, nasalimia mama mwenye anafua, natokea ngambo. Mwaka muzima, hakuna kontrole imenipata. Kaske nayo, ile kofia ngumu ya motari, sivalake. Uso kama hii haifichwi.

Ketsia, ule mushonaji, mbanda wako mwenye nataka kuoa juu yako, anakusalimia na heshima. Anafikiri kovu yangu ni ya appendicite, ile ya kidole ya tumbo. Mi njo nilimwambia. Usicheke.

Ku mwili niko sawa moto ya mupya. Mugongo tu inauma kidogo, kule chini, juu ya kiti ya hii moto. Nitabadilisha sponji yake, itaisha.

Karatasi imeisha, sifa zangu zingaliko.

Bwana yako,
Nathanaël wa pili


Niania, tarehe 2 février 2025

Kwa bwana yangu Nathanaël,

Amani ikae nawe na mama yako. Barua yako ilifika ikiwa na alama ya mawese kwenye kona, kwa hiyo juu ya Lionel na mikate sitaapa. Huku mvua imeanza kujaribu. Binti wa Léontine amejifungua mtoto wa kike, wamempa jina Prudence, na analia kwa sauti ya bibi yake. Mihogo yangu iliibiwa mistari miwili, mingine ipo. Nashukuru.

Nimekusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka hadi Léontine akaja kutazama mlangoni. Mara ya pili nilichukua kalamu, bic nyekundu, kwa sababu nilifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na moja, na mkono haujui kustaafu. Makosa kumi na saba. Nakurudishia karatasi yako uyaone. Kosa kubwa liko nyuma ya moto yako na linatembea katika mji wote: contrôle inaandikwa kwa c, na juu ya o kuna kofia. Kofia, bwana yangu. Weye huvai kofia, na o yako nayo iko kichwa wazi.

Sasa nisikilize. Mama yako anaona haya kukuuliza mambo ya suruali. Baba yako, hata angekuwa hai, angeona haya. Mimi sioni. Siku ulipozaliwa walikuweka mikononi mwangu wakasema, bwana yako huyu amerudi, na wakakupa jina lake. Mke ana haki ya kuuliza.

Docteur alisema, mimi nikiwa nimekaa kando ya kitanda chako: kila miezi mitatu contrôle, damu na picha ya tumbo, kwa sababu ugonjwa huu unaweza kurudi hata kama kilichooza kimetolewa. Mwezi wa tano ulikwenda, ukanitumia nakala ya karatasi. Ninayo ndani ya Biblia. Ya mwezi wa nane sina. Ya mwezi wa kumi na moja sina. Ulisahau kuzituma, ao?

Mwambie mbanda wangu nimepokea salamu zake. Mwambie pia appendicite iko juu zaidi. Kama ni mushonaji wa kweli, anajua kupima.

Na huo mugongo, unauma upande gani?

Muke wako,
Pétronille


Bunia, tarehe 16 février 2025

Muke wangu, mwalimu wa kunitesa,

Jambo tena. Siye tungali wazima, mama na magoti yake pia. Mama wa Djugu mwenye iko mu nyumba ya pili alizaa, na mutoto walimwita Plamedi. Kwa hiyo ku mustari ya choo tumeongezeka, ingawa huyu bado hajui kusimama.

Koko, ulinipatisha haya. Lionel aliona ile nyekundu yote, akafikiri ni damu. Kumi na saba? Mi niliachia masomo deuxième secondaire, mwaka ya pili ya sekondari, na hata vile nilikuwa namba nne. Tulikuwa kumi na moja, lakini namba nne ni namba nne.

Nikusimulie jambo. Wiki iliyopita rulaji wawili walinifungia njia karibu na soko, moja mbele, moja nyuma. Mukubwa wao anasema: «Leo njo leo, kijana. Shuka.» Mi nikamwambia: «Chef, nyuma yangu niko na mama mugonjwa.» Akatazama nyuma: «Mama iko wapi?» Nikamwambia: «Umeona? Amekwisha anguka, wacha nirudi kumutafuta.» Akacheka, na wakati angali anacheka mi nilikuwa nimefika Komanda. Nakuambia ukweli, karibu wote.

Karatasi ya août na ya novembre ziko. Ziko mu sanduku ya mama, na ufunguo ilipotea. Docteur alisema niko sawa tracteur. Alisema: «Nathanaël, wagonjwa wote wangekuwa sawa weye, mi ningefunga hospitali.» Kwa hiyo lala vizuri.

Mugongo, weye unauliza upande gani. Ni kushoto. Na sababu yake nimeijua: nilibeba mama munene kutoka Komanda na gunia mbili ya haragi, maharagwe yake ya soko. Nilibadilisha sponji ya kiti, mugongo ikaendelea. Nikaacha moto siku mbili, ikaendelea. Inauma hata mu kanisa nikikaa ku benchi, njo nikajua si kiti ya moto, ni vumbi. Vumbi inaingiaka mu mugongo, hata Lionel anasema. Ketsia ananipakaa mafuta yenye joto pale na kuniimbia, kwa hiyo usihurumie mugongo yangu, umuonee wivu.

Bwana yako mwenye makosa kumi na saba,
Nathanaël


Bunia, tarehe 23 mars 2025

Koko Pétronille,

Jambo. Hii ni wiki ya tano na sijapata kitu kutoka kwako. Wanasema barabara ilifungwa siku nane, halafu wakafungua, na Lionel alipita mara mbili. Nilimuuliza. Anasema barua alikupa mu mukono, ukaisoma palepale mulangoni ukisimama, ukaingia, ukafunga mulango bila kumwambia asante. Lionel aliudhika. Anasema weye njo mutu ya pekee ku njia nzima mwenye anasemaka asante.

Uko unanikasirikia juu ya ile o? Nitaiwekea kofia. Nitaiwekea hata koti.

Huku mvua imekuja. Mi niko. Nimepunguka kidogo, Ketsia alipunguza suruali zangu mbili ku kiuno na anasema sasa njo niko mwembamba sawa mwanamuziki. Mugongo ni vile vile. Si kitu. Hata Koko Nathanaël wa kwanza, mama anasemaka, alikuwa na ugonjwa ya mugongo, kwa hiyo ni mali ya familia, nilirizi.

Uniandikie hata kwa nyekundu.

Nathanaël


Niania, tarehe 4 avril 2025

Mujukuu wangu Nathanaël,

Tuko hai. Prudence anakua. Salamu zingine utazipata siku nyingine.

Nimepiga mustari chini ya neno moja katika barua zako mbili za mwisho. Umeandika mugongo mara sita. Sikuandika kosa pembeni yake, kwa sababu umeliandika vizuri kila mara. Nilifundisha watoto wengi, na mutoto asiyejua jibu huandika kidogo. Anayelijua na hataki kulisema, huyo ndiye anayejaza ukurasa.

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na uongo wangu mimi pia, na sikujua nitaushika wapi ili nikupe.

Familia yote inasema babu yako alikufa kwa mugongo. Ni mimi niliyewaambia hivyo, na mama yako alilipokea neno hilo kwangu. Ni miaka ishirini na saba sasa. Babu yako alikuwa mchuuzi wa kutembea kwa baiskeli, akibeba chumvi na sabuni hadi Mambasa. Siku moja akaanza kuoga akiwa amefunga mlango. Mimi nilikuwa mke wake miaka ishirini, na akawa anafunga mlango. Nikamuuliza. Akasema ni kiti cha baiskeli kinamsumbua. Akabadilisha kiti. Kisha mugongo ukaanza, kushoto, chini. Akasema ni magunia. Na alichekesha watu, Nathanaël. Wateja walikuja kununua sabuni wasiyoihitaji ili wamsikie tu.

Siku aliponiruhusu kutazama, yai moja lilikuwa limekuwa kubwa kama avoka. Infirmier, muuguzi wa dispansari, aliangalia, akafunika shuka, akatoka nje. Babu yako aliniapisha nisimwambie mtu ilikuwa wapi. Nikasema mugongo. Wakati ule niliona ni heshima. Sasa naona nilifunga ule mlango kwa upande wa nje.

Karatasi haziko ndani ya sanduku la mama yako. Hukwenda mwezi wa nane. Hukwenda mwezi wa kumi na moja. Huyu ambaye umemkimbia si polisi.

Leo mkono wangu unakataa kuandika «bwana yangu». Nilizika mmoja mwenye jina hilo, na alifanya mzaha hadi Jumatatu aliyokufa.

Usinijibu kwa maneno. Nijibu kwa karatasi.

Pétronille


Bunia, tarehe 22 avril 2025

Koko,

Jambo. Mama iko muzima na hajui bado, nitamuambia Jumapili. Barua yako niliisoma nikiwa juu ya moto mbele ya duka, abiria mbili wakaniita, sikusikia. Unisamehe, lakini usiniite tena mujukuu. Miaka makumi mbili na tatu umeniita bwana. Wakati niliona «mujukuu» nilijua nitakufa, mbele hata ya kusoma ingine.

Ni kweli. Sikuenda. Août nilifika hadi ku mulango ya hospitali, nikaona watu wamekaa, nikasema nitarudi kesho. Novembre hata ku mulango sikufika. Nilikuwa najisikia vizuri, na mutu mwenye anajisikia vizuri, akienda kule, wanaweza kumutafutia kitu. Walinitoa moja. Nilisema, nikirudi wataangalia ile ya pili. Njo woga yangu, sina ingine. Mambo ya tracteur nilitunga.

Nilimwambia Ketsia. Nilienda ku atelier yake, ilikuwa anashona uniforme ya watoto wa masomo, nikamwambia yote kichwa yangu iko chini: kanseri, operesheni, moja yenye ilibakia, mugongo. Hakuacha kushona hadi mwisho ya mustari. Akakata uzi na meno. Akasema: «Appendicite ya wapi, Nathanaël. Mi nakushonea suruali mwaka muzima.» Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema: «Nilikuwa nakungojea.» Kisha akauliza kontrole iko siku gani, nikasema hakuna siku, akafunika mashine na kitambaa, akasema basi ni leo.

Tulienda. Nilivala kaske. Ketsia aliazima yake kwa rafiki, mi nikavala ile ya kaka yake, ni kubwa, inanizungukia.

Docteur Camille ndiye mwenye iko sasa. Ni mwanamuke, na hachekake. Alifungua kitabu yangu, akauliza: «Août?» Nikaanza kumusimulia ile ya rulaji na mama mugonjwa. Aliweka bic yake chini na kungojea. Alingojea hadi niliisha maneno. Koko, hakuna mutu amenifanyia vile tangu weye mu darasa.

Walikamata damu. Ku ekografi, ile picha ya tumbo, walinipakaa ile kitu ya baridi ku tumbo, na ule wa mashine akabakia fasi moja muda murefu. Kuna namba moja mu damu yenye ilipaswa kuwa chini, na imepanda. Na ndani, karibu na mufupa ya mugongo, ku kushoto, kuna tezi imevimba sawa haragi mbili zimeshikana. Docteur anasema inaweza kuwa ile kanseri imerudi. Inaweza pia kuwa kitu ingine. Watarudilia damu, na tarehe 7 mai atanipa jibu. Kama ni yenyewe, anasema aina hii inasikiaka dawa, hata ikirudi, kama mutu hakuiachia nafasi. Akasema tena: «Ungekuja août, ningekuwa nasema maneno ingine.» Sikumuuliza maneno gani.

Aliuliza kama tunataka watoto, juu ile dawa inaweza kuharibu. Mi nilikuwa natafuta mzaha. Ketsia akajibu mbele yangu: «Tunataka.» Docteur akaandika.

Nakala ya karatasi iko hapa ndani. Uiweke mu Biblia pamoja na ile ya mai.

Sifanyi mzaha mu hii barua, umeona. Lakini ni nzito kuibeba, koko. Siku ingine nashinda nimeshika usukani ya moto na sijui naenda wapi. Abiria ananiambia «Twende», namuuliza «Wapi?», na alikuwa amekwisha kuniambia.

Naomba uniite bwana.

Nathanaël


Bunia, tarehe 6 mai 2025, nyuma ya barua ileile

Koko,

Lionel amenirudishia barua yangu ingali imefungwa. Anasema alikuta nyumba yako na kufuli. Shangazi Léontine anasema uliondoka siku nne sasa, ulibeba kitambaa, Biblia na bic, ukapanda camion ya mbao, na hukumuambia unaenda wapi juu hukutaka Niania yote ijue. Ni kusema ulitoka mbele ya kujua kama nilienda kontrole ao hapana. Mi nilikuwa naandika uniite bwana, na weye ulikuwa njiani.

Nilipiga simu ku Komanda kwa motari wenzangu. Wanasema camion zilizuiliwa pale siku mbili zikingojea askari wa kuzisindikiza, jana wakaachia zote. Camion ya mbao hawakumbuki. Nilitaka kukufuata na moto, Ketsia akaficha ufunguo. Anasema kesho nahitajika mwili yote.

Mama anajua. Alinipikia ndizi ya kutosha watu sita, akakaa kuniangalia hadi nikaimaliza.

Nimekaa hapa mbele ya nyumba na kopo ya rangi. Nilifuta SANS nyuma ya moto. Ile ingine nimeiandika upya, polepole, kwa c: contrôle. Na o nimeivalisha kofia. Imeenda kidogo pande ya kushoto, lakini kofia ni kofia. Kijana wa nyumba ya pili amepita, anauliza kama sasa nimeingia polisi.

Kesho saa mbili. Niko naogopa, koko. Nakuandikia kwa sababu ku mudomo sitaweza kusema.

Kuna mutu anasema ku mulango ya parcelle, pale ku mustari ya choo. Ni mwanamuke muzee. Anauliza nyumba ya bwana yake. Watu wanacheka. Mama Plamedi anamuuliza: «Bwana yako njo nani, koko?»

«Nathanaël», anasema. «Yule mwenye angali hai. Kesho, atake asitake, tunaenda contrôle.»

Naweka bic chini.